Buffalo na Kumbukumbu ya Mwaka 77

Tarehe 14 Desemba 1976, Ziwa Erie liliganda. Tangu wataalamu wa hali ya hewa waanze kuandika rekodi zake, halikuwahi kufunikwa na barafu mapema kiasi hicho, na katika mji wa Buffalo, jimbo la New York, wengi waliipokea habari hiyo kwa ahueni. Asiyeijua Buffalo atashangaa: ziwa zima kuwa barafu kunaletaje ahueni? Lakini wenyeji walikuwa na hoja, na ilikuwa hoja ya watu walioishi na theluji vizazi kwa vizazi.

Buffalo imekaa kwenye ncha ya mashariki ya ziwa hilo, pale maji yanapoingia Mto Niagara. Ziwa lenyewe limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, urefu wake ni karibu kilomita 388, na katika Maziwa Makuu yote ya Amerika Kaskazini hakuna lenye kina kifupi kama lake: kwa wastani mita 19 tu. Ikifika Novemba na Desemba, maji yake bado yana joto la kiangazi. Upepo mkavu wa baridi kali unapita juu ya maji hayo kwa urefu wote wa ziwa, na njiani unabeba joto na unyevu. Unyevu unapanda, unaganda, na upepo ukifika nchi kavu unatua mzigo wake wote. Mzigo huo huangukia ukanda mwembamba. Mtaa mmoja unaweza kufukiwa mpaka madirishani, na mtu aliye kilomita kumi tu kutoka hapo akawa anatembea juani. Ziwa likishaganda, maji yanafunikwa na upepo unakosa cha kubeba. Ndiyo maana mwaka ule watu walisema: limewahi kuganda, basi mwaka huu tumesalimika.

Hoja hiyo ilikuwa na kweli ndani yake, ila haikutimia. Kuanzia Krismasi theluji ilianguka karibu kila siku, ikatanda juu ya mji na juu ya ziwa pia. Kwa kuwa baridi haikulegea, haikuyeyuka wala kushikamana, ikabaki unga mwepesi mkavu. Ziwa lenye zaidi ya kilomita za mraba 25,000 likageuka ghala la unga mweupe, na ghala hilo halikuwa na mlango.

Mjini hali ilikuwa mbaya tayari. Marekani ilikuwa na uhaba wa gesi ya kupashia moto nyumba, na viwanda na shule kadhaa zilifungwa ili kuiokoa gesi iliyobaki. Rais Jimmy Carter, aliyeapishwa tarehe 20 Januari 1977, aliwaomba wananchi wapunguze joto majumbani mwao. Mitaa ya pembeni ya Buffalo ilikuwa imezibwa na theluji, na magari mengi ya halmashauri ya kuisafisha yalikuwa gereji.

Ijumaa ya tarehe 28 Januari ilianza vizuri kwa kipimo cha mwezi ule, nyuzi 3 hivi chini ya sifuri. Watu wakaenda kazini. Kabla ya adhuhuri ukuta mweupe ukaingia kutoka ziwani. Upepo ulivuma kwa kasi iliyofika kilomita 111 kwa saa, na katika muda wa saa chache joto likashuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Aliyesimama dirishani hakuliona jengo la ng'ambo ya barabara. Aliyekuwa barabarani hakuiona pua ya gari lake.

Hapa ndipo dhoruba ile ilipotofautiana na zote zilizoitangulia. Theluji mpya iliyopimwa uwanja wa ndege katika siku za dhoruba ilikuwa kama sentimita 30 tu, kiasi ambacho Buffalo hukisafisha na kukisahau. Iliyoufukia mji ni ile ya ziwani, iliyolala juu ya barafu kwa wiki nyingi. Upepo uliiokota, ukaileta mjini, ukaisukuma dhidi ya kila kilichosimama. Ilipenya kwenye nyufa za madirisha na matundu ya funguo. Ikajikusanya kuwa vilima vilivyofika madirisha ya ghorofa ya pili, vigumu kiasi cha mtu kutembea juu yake. Katika bustani ya wanyama ya mji, kulungu watatu wa nchi za baridi walipanda kilima kilichofukia uzio wao, wakatoka, wakaranda mitaani.

Maelfu ya watu walikwama katikati ya mji. Walilala maofisini, katika hoteli, kwenye vituo vya polisi na vya zimamoto, na kwenye baa. Upande wa Kanada, katika miji ya Port Colborne na Wainfleet, wanafunzi walilala shuleni na walimu wao. Wenye pikipiki za theluji walijitolea kupeleka dawa kwa wagonjwa na kuwabeba madaktari. Wenye redio za CB, zile za raia kuzungumziana, walikesha wakipokezana habari za nani yuko wapi na nani anahitaji nini. Upepo haukutulia kabisa mpaka tarehe 1 Februari.

Waliofariki walikuwa 29. Tisa kati yao walikutwa ndani ya magari yaliyofukiwa, na vifo hivi vinahitaji kuelezwa polepole, maana vingali vikitokea. Dereva anakwama. Haoni kitu, kwa hiyo anaamua kungoja, uamuzi ambao kwa kawaida ni sahihi. Anaacha injini ikinguruma ili apate joto. Nyuma ya gari, theluji inajaa taratibu mpaka inaziba mdomo wa egzosi. Moshi unakosa pa kutokea, unarudi chini ya gari na kupenya ndani, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Dereva anahisi kichwa kizito na usingizi, anadhani ni uchovu, anafumba macho. Dawa yake ni kuzima injini, kushuka na kuifukua egzosi kwa beleshi au hata kwa mikono, kurudi ndani, kuwasha injini kwa dakika kama kumi katika kila saa huku dirisha la upande usiopigwa na upepo likiachwa wazi kidogo, kisha kuizima tena. Watu wa Buffalo waliyajua haya kwa gharama ya majirani zao.

Carter alitangaza hali ya hatari, na baadaye maafa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa serikali kuu ya Marekani kutangaza maafa kwa sababu ya dhoruba ya theluji. Wanajeshi waliletwa kutoka Fort Bragg, North Carolina, wakiwa na mitambo ya kufukua barabara. Walilazimika kwenda kwa hadhari, kwa sababu chini ya kila kilima cha theluji huenda kulikuwa na gari, na ndani ya gari huenda kulikuwa na mtu. Msimu ulipokwisha, Buffalo ilikuwa imepokea zaidi ya mita tano za theluji kwa jumla.

Mji ule ulikuwa umekwisha kuonja ukatili wa ziwa hata kabla ya hapo. Novemba 1913 dhoruba iliyoyapiga Maziwa Makuu iliwaua mabaharia zaidi ya 250, na karibu na Buffalo meli-taa namba 82, iliyotia nanga ziwani kuwaongoza wengine, ilizama na mabaharia wake wote sita. Lakini kwa walio hai, mwaka 77 ndio uliokuwa kipimo. Ulitungiwa vitabu, ukatengenezewa hata mchezo wa ubaoni wa kuchezwa na familia. Kila dhoruba iliyofuata iliulizwa swali moja: hii inaufikia ule?

Na zilifuata nyingi. Novemba 2000 theluji iliwakuta watu wakitoka kazini na shuleni, wakaganda barabarani, watoto ndani ya mabasi ya shule mpaka usiku. Krismasi ya 2001 zilianguka zaidi ya mita mbili kwa siku tano. Oktoba 2006 theluji nzito yenye maji ilikuja miti ikiwa bado na majani, ikavunja matawi kwa maelfu, na nyaya za umeme zikaenda nayo. Novemba 2014 ukanda wa theluji ulikaa juu ya vitongoji vya kusini kwa siku kadhaa na kuacha kina cha zaidi ya mita moja na nusu, huku wakazi wa kaskazini mwa mji wakiutazama ukuta mweupe umesimama kwa mbali na kwao anga ni ya buluu. Buffalo ilivuka zote hizo, na katika kuvuka ikajijengea sifa ya mji usioogopa theluji. Sifa hiyo ilikuwa ya haki. Ilikuwa pia na hatari yake, kwa sababu mtu aliyevuka dhoruba kumi huisikia taarifa ya dhoruba ya kumi na moja kwa sikio moja.

Katika miaka hiyohiyo mji ulikuwa ukibadilika. Viwanda vya chuma vilikwisha kufungwa, watu walihama, na nyumba nyingi zilibaki tupu. Wakaja wakimbizi: kutoka Burma, Bhutan, Somalia, Iraki, na Kongo. Sensa ya 2020 ilionyesha idadi ya wakazi wa Buffalo ikiongezeka kwa mara ya kwanza tangu sensa ya 1950, na wageni hao walichangia sana ongezeko hilo. Miongoni mwao wamo wasemaji wa Kiswahili kutoka Kivu, baadhi yao wakiwa wamepitia miaka mingi ya kambi kama Nyarugusu kule Kigoma. Upande wa magharibi wa mji, mgeni anayeamkia kwa Kiswahili anaweza kuitikiwa.

Mtu aliyekulia Makete au Limuru anaijua baridi, anaijua hata sakitu ya alfajiri. Haijui theluji inayotembea. Hana bibi aliyemsimulia mwaka 77, wala baba aliyemfundisha kufukua egzosi. Anachojua ni subira, ujirani, na kutokaa nyumbani ilhali kuna mtu anayehitaji msaada, na jambo hilo la mwisho ndilo linaloniuma kila ninapoisoma habari ya dhoruba ya Desemba 2022.

Dhoruba ile haikuwa ya kushtukizwa. Idara ya hali ya hewa ilianza kuonya siku kadhaa kabla, ikasema wazi kuwa dhoruba ya namna hii huonekana mara moja katika kizazi. Asubuhi ya Ijumaa tarehe 23 Desemba watu walikuwa njiani kwenda kazini au madukani kununua vya Krismasi. Ilipofika saa tatu kasoro dakika kumi hivi, serikali ya kaunti ikatangaza marufuku ya kusafiri, ianze saa tatu na nusu. Dakika arobaini! Mfanyakazi anayelipwa kwa saa, ambaye asipofika kazini halipwi, alikuwa tayari amefunga mlango wake nyuma. Dhoruba ikaingia, na kwa saa 37 mfululizo mji haukuona mbele. Uwanja wa ndege ulipima sentimita 132. Vituo vya umeme viliganda, na nyumba nyingi zikakosa umeme na joto kwa pamoja, maana hita nyingi za gesi zinahitaji umeme ili zifanye kazi. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalikwama, kisha mitambo iliyotumwa kuyanasua ikakwama nayo. Watu walipiga simu ya dharura na hakuna aliyeweza kuwafikia.

Waliofariki katika kaunti za Erie na Niagara walikuwa 47, zaidi ya wale wa 1977. Wengine walikutwa nje kwenye theluji, wengine ndani ya magari, wengine vitandani mwao katika nyumba zisizo na moto. Wengine mioyo yao ilisimama wakiwa na beleshi mkononi, kwa sababu kufukua theluji nzito katika baridi ile ni kazi inayoweza kumwangusha hata mtu anayejiona mzima. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyekuja Buffalo kama mkimbizi kutoka Kongo. Alitoka nyumbani mkesha wa Krismasi kwenda kutafuta mahitaji, na hakurudi. Mkewe alikuwa mjamzito. Waliomfahamu walisema alikuwa mwepesi wa kuitika kila aliyehitaji msaada.

Ndani ya mipaka ya mji, zaidi ya nusu ya waliofariki walikuwa watu weusi. Theluji ilianguka juu ya wote. Lakini mwenye gari kubwa, friji iliyojaa, jenereta na kazi inayoweza kufanywa nyumbani, anaweza kutii marufuku ya kusafiri hata ikitolewa kwa kuchelewa. Mwenye nyumba inayovuja upepo na kabati tupu hutoka, si kwa ukaidi, bali kwa njaa ya watoto. Mji uliwaomba wachunguzi wa Chuo Kikuu cha New York waliangalie suala lote, na ripoti yao ya 2023 ilitaja kuchelewa kwa marufuku na upungufu wa vifaa. Mimi nasema pia kwamba mji uliokuwa na kumbukumbu nyingi kiasi kile ya majira ya baridi haukuwafikishia kumbukumbu hiyo waliokuja juzi.

Pamoja na hayo, kuna waliookoa. Katika kitongoji cha Cheektowaga kijana mmoja fundi magari, aliyekwama na kukataliwa hifadhi mlango kwa mlango, alivunja dirisha la shule, akawaingiza watu zaidi ya ishirini waliokuwa wakiganda ndani ya magari, wakala vyakula vya shule na kulala humo. Aliacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha. Kikundi cha watalii kutoka Korea Kusini kiligonga nyumba moja kuomba mabeleshi ya kufukulia gari lao, na mume na mke waliokuwa humo wakawakaribisha wote, wakakaa nao mpaka barabara zilipofunguka.

Na mjini Buffalo mama mmoja alisikia sauti ya mtu akilia nje kwenye theluji. Alikuwa mzee mwenye ulemavu wa akili, amepotea njia, mikono yake imeganda pamoja na mifuko aliyokuwa ameibeba. Mama huyo na mwenziwe walimwingiza ndani. Akachukua mashine ya kukaushia nywele, akaiwasha, akawa anayeyusha barafu ya mikononi mwa mzee kidogo kidogo mpaka mifuko ikaachia. Alipiga simu za dharura, hakuna aliyekuja. Siku iliyofuata akafungua matangazo ya moja kwa moja kwenye Facebook, akalia mbele ya watu, akaomba mwenye gari la kuvunja theluji ajitokeze. Wakaja watu asiowajua, wakafungua njia, na mzee akafika hospitali akiwa hai.

Zipo Buffalo nyingine kwa wasemaji wa Kiswahili: Minneapolis, Portland ya Maine, Winnipeg, Edmonton, Oslo. Kila mji una mwaka wake ambao wazee wanautaja kwa namba tu. Yaliyopita si ndwele, ndivyo tulivyofundishwa, lakini kuhusu baridi nawasihi tuyashike yaliyopita kwa mikono miwili. Wakati mwingine elimu yenyewe ni ndogo mno: chakula na dawa za siku kadhaa kabla Novemba haijaisha, tangi la gari lisilopungua nusu, blanketi, beleshi na tochi ndani ya buti la gari, kutotoka kwa miguu usipoona nyumba ya jirani, hata anayekuita awe ndugu. Na hili kwa watu wetu hasa: umeme ukikatika, jiko la mkaa lisiingizwe ndani, wala jenereta lisiwashwe ndani au barazani. Gesi ileile iliyowaua madereva wa 1977 ndani ya magari yao huua familia nzima sebuleni, wakiwa wameota moto.

Vituo vya kupokea wakimbizi hugawa makoti na buti, na hilo ni jema. Wangeweza pia kumleta mzee mmoja wa mtaani, aliyekuwa kijana mwaka 77, aketi na wageni na mkalimani kwa saa mbili, asimulie. Makanisa, misikiti na vyama vya Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wanaweza kulifanya hilo bila kungoja serikali yoyote, wakayarekodi masimulizi kwa Kiswahili, na kuyatuma kwenye makundi ya simu ambako wageni husoma kila siku. Waliokuwa na miaka ishirini dhoruba ile ilipopiga wako karibu na sabini sasa, na wengi bado wanaishi mitaa ileile. Wewe unayesoma haya ukiwa huko, mtafute mmoja wao. Theluji ya ziwani huanza Novemba. Mhoji kabla ya hapo.